Tui la Hamidu

Miaka ile ukifika Masasi ukauliza maabara iko wapi, watu walikutazama tu. Lakini ukiuliza kwa Cuthbert, yule anayechekesha watu na vikopo vyao, unapelekwa mpaka mlangoni. Ndivyo alivyokuwa. Unamletea kikopo cha choo umekizungushia gazeti mara tatu, aibu imekujaa, yeye anakipokea kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi, halafu anakuuliza kama humo ndani umemwekea na pilipili. Unacheka, aibu inaisha, unakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Watu walimpenda kwa hilo. Na yeye alijipenda kwa hilohilo, tena sana, na balaa lote lilianzia hapo.

Kwao ni Lulindi, Mmakua, Mwanglikana tangu enzi za babu. Kazi ya hadubini aliisomea misheni, akaifanya hospitalini miaka ishirini na kitu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua vituo vya afya, akaaga, akapanga chumba kimoja nyuma ya stendi. Si unajua tena enzi za ruksa, soko huria, kila mtu anafungua kitu. Huyu kibanda cha video, yule duka la mitumba, Cuthbert maabara. Humo ndani alikuwa na hadubini, mashine ya kuzungusha damu mpaka itengane, ya kuzungusha kwa mkono kama unasaga kitu, na mashine moja ya kusoma rangi aliyoinunua Dar ikiwa imeshatumika. Hiyo aliifunika kitambaa cha kufuma kama vile televisheni. Ndiyo iliyopima kolestro, yaani mafuta yanayotembea kwenye damu, na mjini pale waliokuwa wamewahi kulisikia hilo neno walikuwa wa kuhesabu.

Sasa Hamidu. Hamidu alikuwa Mmakonde wa Kitangari, kule juu Newala, na alikuwa mtani wa Cuthbert. Siyo utani wa kubahatisha, ni utani wa ukoo: babu wa huyu alimzika babu wa yule. Utani wa namna hiyo una sheria zake. Mtani anakunyang'anya kofia sokoni, anakula chakula chako mbele yako, anakutangazia mambo ya chumbani kwako, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha watu msibani. Kwa hiyo maneno ya mtani hayashikwi. Yanaingia sikio hili, yanatoka na kicheko.

Watu walimwita Hamidu wa Mafuta, maana yeye ndiye aliyeanza kuwaletea Kitangari mafuta ya kula kwa pipa. Kabla ya hapo, miaka ya foleni, watu walikula chukuchuku: mboga, maji na chumvi, basi. Mama akipata kijiko cha mafuta anakificha kwa ajili ya mgeni. Biashara ilipofunguliwa Hamidu akashusha pipa la kwanza, na siku ile kijiji kizima kilinuka vitunguu vya kukaanga. Watu wazima walisimama nje ya nyumba zao wakivuta tu harufu. Yeye mwenyewe aliapa kwamba chukuchuku haitaingia tena mdomoni mwake mpaka anakufa. Wali wake ung'ae, chapati yake ukiikamua idondoke.

Mwaka 1997, mwezi wa saba, mikorosho inatoa maua, Hamidu akashuka Masasi kufuata mzigo. Alikuwa amemsikia mfanyabiashara mmoja wa Dar akijisifu kwamba amepima kolestro. Akaingia kwa Cuthbert bila hodi.

"Wewe Mmakua uliyebatizwa kwa ajili ya sukari, nimekuja unipime ugonjwa wa matajiri."

"Tajiri gani anaoga Idi hadi Idi? Nyie wa juu maji mnapimiana kwa kijiko. Kaa hapo. Umekula nini?"

"Supu ya utumbo bakuli mbili, chapati tatu. Nimekula na jasho la mwenye mgahawa."

Hapo Cuthbert alitakiwa aseme rudi kesho ukiwa hujala kitu. Alijua, ndiyo kazi yake. Lakini mtani yupo mbele yake, ameshakunja mkono wa shati, na benchi nje limejaa watu. Akavuta damu, akaizungusha. Akaitoa, akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kawaida damu ikitengana, chini panabaki pekundu, juu panakaa maji ya njano hivi, masafi. Ya Hamidu juu ilikuwa nyeupe. Nyeupe kabisa, nzito, kama tui la nazi la kwanza.

Cuthbert akatoka nacho barazani.

"Jamani njooni muone. Nani ana mihogo? Mtani wangu huyu tukimkamua tunaungia mboga ya msiba mzima."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akajishika mbavu. Hamidu alicheka kuliko wote. Alikishika kile kichupa, akakigeuzageuza, akasema kumbe ndiyo maana wake za watu wananitazama, mimi mtamu. Kuanzia siku ile jina likabadilika, stendi nzima ikamwita Bwana Tui. Makondakta wanamwita hivyo kutoka dirishani. Yeye anapunga mkono kama mbunge.

Cuthbert akamwambia arudi Jumanne asubuhi, akiwa hajala tangu magharibi. Maana ule weupe mwingi ni supu tu, mafuta ya mlo yanaelea kwenye damu saa chache halafu yanaondoka. Kinachotafutwa ni yale yasiyoondoka. Hilo alimweleza, au alidhani amemweleza. Katikati ya vicheko vile nani alisikia?

Jumanne Hamidu akarudi, tumbo tupu, kanzu imenyooshwa. Cuthbert akavuta, akazungusha, akainua kichupa. Juu pamekuwa pa njano, pasafi, unaona mpaka vidole upande wa pili.

Hamidu akamnyang'anya. Akakitazama muda mrefu, uso umetulia kama mtu anayesoma barua nzuri.

"Tui limekatika," akasema.

"Subiri, hiyo siyo..."

Keshafika barazani. "Jamani, Bwana Tui amepona. Usiku mmoja tu wa kufunga. Nyie mnakunywa midawa, mimi nimefunga mdomo."

Cuthbert akabaki ndani na mashine yake. Akaweka dawa, akasubiri rangi ije, akasoma mshale wa mashine. Saba nukta tisa. Akadhani mashine imedanganya, akarudia. Saba nukta tisa. Kitabu chake kilisema mtu asizidi tano na kidogo. Kichupa kisafi, namba mbaya. Ndivyo ilivyo, kolestro inaweza kujaa na damu ikaonekana safi tu, jicho halioni. Lakini nani alimfundisha Hamidu kupima kwa jicho? Cuthbert mwenyewe, pale barazani, mbele ya watu.

Akatoka na karatasi. "Mtani, saba nukta tisa. Hii namba mbaya."

"Saba kasoro kitu? Shuleni ningepata hiyo ningekuwa nimepasi."

"Saba na zaidi. Sikia, punguza mafuta."

"Nipunguze mafuta, halafu niuze nini, mchanga?" Watu wakacheka. Hamidu akakaa kwenye benchi, akawasha sigara, na hapo, eti kama anaendeleza utani, akasema maneno ambayo Cuthbert alikuja kuyarudia kichwani miaka yote.

"Ila uzee umenipata kweli. Ule mlima wetu wa kutoka kisimani, na baiskeli na madumu mawili ya maji, zamani nilikuwa napanda napiga mluzi. Mwaka juzi nikaanza kusimama kona ya juu, kifua kinabana hivi, najifanya natazama maua ya mikorosho. Mwaka jana nikawa nasimama kwenye jiwe, nusu ya njia. Siku hizi nasimama nikiwa bado nawasikia wanawake wanapiga soga kisimani. Nikisimama kidogo kinaachia, naendelea."

"Siyo kifua hicho, ni uvivu," Cuthbert akamjibu. "Mwambie Ziada akufunge breki."

Ziada ni mkewe. Alikuwa na mguu mbovu, ndiyo maana Hamidu, na utajiri wake wote, alikuwa anashuka bondeni mwenyewe kufuata maji. Hakupenda mkewe anunue maji kwa watu wala ashuke na ule mguu.

Hamidu akacheka, akazima sigara, akaenda zake kwenye lori.

Jioni Cuthbert akawa anaandika majina kwenye daftari la majibu. Alipofika kwa Hamidu, kalamu ikasimama. Hospitalini alikokuwa kulikuwa na daktari mmoja, kila akipelekewa jibu la kolestro alikuwa anauliza, huyu mtu akipanda mlima anasimama wapi? Vijana wa maabara walimwona kichaa. Daktari akawaeleza: namba inakwambia mafuta ni mengi, haikwambii mishipa ya moyo imeziba kiasi gani. Yuko mtu ana namba kubwa na mishipa yake bado wazi, yuko mwenye namba ya kawaida na mishipa imebaki tundu la sindano. Anayejua ni mlima. Akisimama juu, kumebana kidogo. Mahali pa kusimama pakizidi kushuka chini, mjue kunaziba.

Kona ya juu. Jiwe. Kisimani.

Cuthbert alikaa akiitazama ile namba mpaka Paulina, mkewe, akaja kumwita chakula. Akamweleza yote. Paulina alikuwa mtu wa maneno machache.

"Baba Huruma, wewe usimwambie tena. Wewe ni mtani wake, hata ukilia atacheka. Nenda kwa mjomba wake."

Na alikuwa sahihi kabisa. Kwao Hamidu mjomba ndiye mwenye mtu. Baba yako anaweza kusema ukakaidi, mjomba akisema unakwenda. Mzee Nandonde, mjomba wake Hamidu, alikuwa hai, anakaa kulekule Kitangari, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Angemwambia twende hospitali, Hamidu angetangulia mbele. Kulikuwa na dawa wakati ule, za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, na za kulainisha damu, na Muhimbili ilikuwepo ya kupimwa moyo wenyewe. Siyo kwamba angepona. Labda. Ila angejua.

"Nitakwenda," Cuthbert akasema.

Siku hizi ungeandika meseji moja, ungemtumia Ziada, au ungepiga picha karatasi ukairusha kwenye kundi la ukoo, kazi imekwisha. Wakati ule ilikuwa mpaka upande gari. Wiki ya kwanza kulikuwa na wateja wengi. Mwezi wa nane akaugua malaria. Mwezi wa tisa akaenda kweli, karatasi imekunjwa mfuko wa shati, amevaa suruali ya kanisani.

Akashuka Kitangari sokoni, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Hamidu.

"Jamani mficheni kuku, Mmakua amefika."

Amini, Cuthbert alijaribu. Alisema nimekuja kwa Mzee Nandonde, nina maneno. Hamidu akatangaza kwa soko zima kwamba mtani amekuja kuposa, anataka binti wa ukoo wa wanaume wenye mvuto. Watu wakajaa. Wakamvua Cuthbert viatu, wakasema hiyo ni sehemu ya mahari. Akajibu, nao wakajibu. Hamidu akatangaza kuwa siku hizi anafunga Jumatatu na Alhamisi, anaua ndege wawili, thawabu anapata na tui linakatika. Halafu Ijumaa anakula chapati zake kwa moyo mweupe. Akacheka, na Cuthbert akacheka, na jua likashuka. Mzee Nandonde alipita upande wa pili wa soko na mkongojo wake, akaitikia shikamoo za watu. Cuthbert alimwona. Alisema moyoni, nacheka kidogo tu, halafu namfuata. Gari la mwisho likapiga honi. Akapanda na viatu mkononi na karatasi mfukoni.

Paulina alimwuliza, "Umesema?"

"Msimu wa korosho ukiisha. Sasa hivi watu wana kazi."

Paulina alichukua lile shati kwenda kulifua, akaitoa karatasi, akaiweka juu ya meza mbele ya mumewe.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa kubwa, zile za Elnino. Ijumaa asubuhi na mapema kondakta wa gari la Newala akamgongea mlango wa maabara.

"Bwana Tui ametutoka."

"Amekwenda wapi? Amesema nimletee nini?"

Kondakta akavua kofia. Ndiyo Cuthbert akaelewa.

Ilikuwa jana yake, Alhamisi, amefunga. Alikuwa anapanda na baiskeli, madumu mawili. Hakufika kwenye jiwe. Hakufika popote, hatua chache tu kutoka kisimani. Wanawake walimwona amesimama, wakaendelea na soga zao, maana wamezoea kumwona amesimama hapo. Walipogeuka mara ya pili alikuwa amekaa chini, baiskeli imemlalia, maji yanamwagika.

Cuthbert alifika Kitangari kabla ya mazishi. Alitaka akae kwenye mkeka kama watu wengine. Haikuwezekana. Wazee walikuwa wanamsubiri, wakamwinukia wote pamoja, mtani amefika, sasa kweli huu ni msiba. Mtu akamletea kofia ya Hamidu na koti lake. Mwingine akamsogezea baiskeli, ile ileile, tope halijakauka.

Ni kazi yake, asingekataa. Akavaa. Koti lilikuwa linanuka mafuta ya kula na sigara. Akaanza kwa sauti ya Hamidu, akapima mafuta ya kubuni kwa kibaba, akawapunja watu, akawatukana. Wakacheka, wanawake wakifuta machozi wanacheka. Akashika baiskeli. Hakuwa amepanga, miguu ndiyo iliyokwenda. Akaisukuma kama anapanda mlima, uani pale, mbele ya watu wote. Akasimama, akanyanyua uso, akatazama maua ya mikorosho ambayo hayapo. Watu wakapiga makofi, ndiye, ndiye kabisa. Akarudi nyuma, akasimama kama yuko kwenye jiwe, akajifanya anakaza kamba ya dumu.

"Hapo alikuwa ananiuliza habari za watoto wote, mmoja mmoja," akasema mwanamke mmoja. "Mpaka wa jirani. Nikajua anapenda watu."

Akarudi nyuma tena. Akasimama kama yuko karibu kabisa na kisima. Akaweka mkono kifuani.

Kicheko kikapungua, maana kila mtu alikuwa amemwona Hamidu kwenye kila kituo kati ya vile, na hakuna aliyewahi kuviona vimepangwa mstari. Ziada alikuwa mlangoni, kanga kichwani, amekaa na mguu wake umenyooka.

"Shemeji," akasema. "Hapo pa kwanza alianza lini kusimama?"

Cuthbert akabaki na mkono kifuani.

"Nakuuliza, shemeji. Siyo utani."

"Mwaka juzi."

"Alikwambia yeye?"

"Aliniambia mwezi wa saba."

"Na wewe ndiye mpimaji."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeweka kitu mezani. Cuthbert akajaribu kujibu, akaanza kulia, kofia ya marehemu kichwani, ameshika usukani wa baiskeli. Na wale wa nyuma, ambao hawakusikia maneno ya Ziada, wakaona mtani analia kama mtoto, wakaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Walijua ni maigizo. Mmoja akapaza sauti, "Hata Hamidu mwenyewe hajawahi kulia hivyo." Akazidi kulia, wakazidi kucheka, na hakukuwa na namna ya kuwaambia.

Baada ya mazishi Mzee Nandonde akamsogelea. Cuthbert akamwamkia, mzee akaitika marahaba.

"Mwezi wa tisa nilikuona sokoni. Ulikuja kwa nani?"

"Kusalimia tu, mzee."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akaondoka na mkongojo wake. Karatasi ilikuwa mfukoni hata siku hiyo.

Cuthbert aliendelea na maabara miaka kumi na mbili zaidi. Alichekesha watu kama zamani, vikopo vile alivipokea kwa mikono miwili. Ila damu ya mtu hakuitoa tena barazani, kichupa hakikuonwa na mwenyewe wala jirani. Na mtu akija kupima kolestro, mlango ulikuwa unafungwa, utani unabaki nje, na Cuthbert anauliza swali ambalo halikuwepo kwenye fomu yoyote.

"Kwenu kuna mlima?"

"Upo."

"Unasimama wapi?"

Siku moja mwalimu mmoja wa Lulindi alicheka, akamwambia, "Mzee, unapima damu au unapima njia?"

Cuthbert hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu, daftari limefunguliwa.

"Mwaka jana ulisimama wapi," akasema, "na mwaka huu wapi?"